Mikono ya Mama Tobia

Maharage hujichavusha yenyewe kabla ua halijafunguka, kwa hiyo anayetaka chotara lazima awahi. Unalifungua tumba kwa kibano, unatoa chavua yake, unapaka ya mmea mwingine, unafunga uzi wenye rangi inayoonyesha mama na baba wa mbegu hiyo. Ukibonyeza zaidi kidogo, ua linaanguka. Katika kituo chetu kidogo cha mbegu, juu ya Soni, wahitimu wawili wa chuo walijaribu kazi hiyo, kati ya maua kumi likashika moja. Efrazia, ambaye sote tunamwita Mama Tobia, alipata sita. Aliishia darasa la saba. Vidole vyake vilifundwa na chai ya Mponde, alikochuma tangu usichana, na sijaona chuo kinachotoa vidole vile.

Ana miaka hamsini na minane, anaimba kwaya ya Kilutheri, na ananusa ugoro. Kopo lake huliacha langoni kila asubuhi, hunawa kwa sabuni, ndipo huingia kitalu nyumba. Ndiyo sheria, maana tumbaku inaweza kubeba virusi. Kwa miaka tisa sikumwona akiivunja, na mimi ndiye ninayetunza daftari la kitalu hicho.

Mwaka jana, mwezi wa tano, baadhi ya miche ya chotara ilidumaa. Majani mawili ya kwanza yalitoka vizuri. Yaliyofuata yakajikunja na kuwa ya njano, mizizi ikawa ya kahawia. Dakta Clemence, mkuu wa kituo, alipita kati ya meza mara moja tu, akasimama mbele ya Mama Tobia.

"Wewe ndiye unayetumia ugoro?"

Hakumwamkia. Ana umri wa mtoto wake wa mwisho, na hakumwamkia.

"Ndiyo, Dakta, ila..."

"Ila nini? Umeniletea virusi kitaluni."

Akaagiza bakuli la maziwa. Maziwa hupunguza makali ya virusi vya tumbaku mikononi. Hilo ni kweli, wenye vitalu vya nyanya hulifanya. Lakini wao hunawa wote. Mama Tobia alinawishwa peke yake, mbele ya vibarua kumi na mmoja, lita nzima. Mbaraka wa umwagiliaji akatania, "Mama, yamebaki majani ya chai tu hapo." Hakuna aliyecheka. Alipomaliza kunawa, akaambiwa aende nyumbani. Kwenye ripoti Dakta aliandika: "Chanzo: kibarua asiyezingatia usafi." Niliibandika kwenye faili bila kusema neno, na hilo sijajisamehe.

Jumamosi nilimfuata Mama Tobia kwake.

"Mwanangu, tazama rangi za nyuzi katika daftari lako," aliniambia. "Wagonjwa wote mama yao ni yale maharage mekundu makubwa, baba yao ni yale meusi madogo. Hao nimewachavusha mimi. Wazima nao nimewachavusha mimi. Mkono wangu unachagua ukoo?"

Nilifungua daftari. Alikuwa sahihi mpaka mstari wa mwisho. Nikalipeleka kwa Dakta. "Siku hizi vibarua wanafundisha jenetiki?" akauliza, akarudi kwenye simu yake.

Basi nikachukua mbegu zilizobaki za chotara, na za wazazi wao, nikampa Mama Tobia ndani ya bahasha, bila kumwomba mtu ruhusa. Alikaanga udongo kwenye sufuria mpaka ukafuka moshi, ili kuua vijidudu, akauacha upoe, akajaza makopo. Hakugusa mbegu hata moja. Aliyepanda, kwa kijiko, ni jirani yake Lightness, mlokole asiyekaa hata benchi moja na mtumia ugoro. Wiki tatu baadaye wazazi walikuwa wamesimama wabichi. Chotara walikuwa wamejikunja.

Mmea hauna damu ya kuwazungusha askari. Kila seli hujilinda yenyewe, kwa protini zinazokaa kama walinzi. Mlinzi akigusa alama ya kuvu au bakteria hupiga kengele: seli iliyovamiwa hujiua ili adui afe nayo, na mmea huacha kurefuka ili nguvu iende vitani. Vita hivyo ni ghali, ndiyo maana walinzi hushikiliwa na protini nyingine mpaka wahitajike. Maharage makubwa na yale madogo yalilimwa mbalimbali kwa maelfu ya miaka, kila ukoo na walinzi wake. Ukiyachanganya, inadhaniwa kwamba mlinzi wa upande mmoja hukutana na protini ya upande wa pili, isiyo na hatia yoyote, na kuiona adui. Kengele inalia mwili mzima, na hakuna aliyeingia.

Mama Tobia aliyabeba makopo kwenye tenga, akayapanga juu ya meza ya Dakta saa nne, wakati wa chai. Dakta aligeuza jani moja, akang'oa mche, akatazama mizizi.

"Ah. Hii inajulikana," alisema. "Ipo vitabuni miaka mingi."

"Inajulikana?"

"Inajulikana, mama."

"Sasa kama inajulikana, mimi ulininawishia nini?"

"Basi mama, yaishe. Tumekusamehe. Njoo Jumatatu."

"Mmenisamehe kosa gani?"

Akasema ana kikao.

Jumatatu Mama Tobia alikuja, lakini hakuingia kwenye mstari wa kuitwa majina. Alisimama mbele ya wenzake, kopo moja la miche kila mkono, akawaeleza yote kwa Kishambaa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Dakta asikie.

"Dakta, nimesema uongo?"

"Hapana."

"Ongeza sauti, Mbaraka yuko nyuma."

"Hapana. Haikuwa mikono yako."

"Haya," alisema, akaenda kunawa kwa sabuni, akaomba kibano.

Mchana nilimpelekea Dakta ile ripoti na kalamu, akate ule mstari. Alisema nakala ilishakwenda makao makuu, haina maana kuanza kuwasumbua watu. Nilikata mwenyewe ya kwetu, nikatia sahihi na tarehe. Ile nyingine sina jinsi ya kuifikia. Iko katika kabati la watu wasiomjua, na humo Mama Tobia bado ni mchafu.