"Mara Moja" Iliyomchanganya Mama Zamoyoni

Saa mbili asubuhi, kijijini Samuye. Mama Zamoyoni ameketi kwenye kigoda, karatasi ya serikali mapajani, anamtazama mtoto wa siku tatu. Mtoto analia kidogo kidogo, kama mtu aliyekwisha kata tamaa ya kusikilizwa.

"Amenyonya?"

"Amenyonya," anajibu Mbuke, bibi wa mtoto, kwa fahari. "Mara moja. Kama ulivyosema."

Mama Zamoyoni anaigeuza karatasi. Anaigeuza tena. Haimsaidii: herufi ni za Kizungu, naye chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alisoma za Kiarabu. Maneno alisomewa na karani wa boma, akayakariri: "Mtoto akizaliwa, anyonyeshwe mara moja."

Jina lake hasa ni Mwahija binti Akida, mkunga wa mjini Shinyanga. Tangu mwaka jana, 1933, hutembea maili kumi na mbili kuja huku kuwaangalia wanawake waliojifungua. Mwezi uliopita aliwaona kumi na watatu. Yeye mwenyewe alizaa saba. Watatu hawakufika siku arobaini.

"Ndiyo maana miguu haichoki," anasema. "Inachoka, lakini siisikilizi."

Wengi hapa huikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, wakaimwaga eti ni uchafu. Karatasi ilikuja kuwakataza. Mbuke akatii: mtoto akapewa dang'a alipozaliwa, mara moja, basi. Baada ya hapo, uji mwepesi wa mtama.

"Kwa nini, Mama Maduhu?" Mama Zamoyoni anamuuliza Mbuke.

"Waniuliza mimi? Nyamizi alitaka kuongeza, nikamwambia acha, serikali itakuja kuhesabu!"

Nyamizi, mama wa mtoto, hacheki. Mumewe Maduhu, mwana wa Mbuke, yuko Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Matiti yake yamevimba, magumu kama mawe ya kusagia.

"Mara moja maana yake papo hapo!" Mama Zamoyoni anapaza sauti.

"Kwani moja si moja?"

"Ni moja pia," anakiri Mama Zamoyoni. "Mayo, mama wee, hata mimi sasa sielewi nilikuwa nikisema nini."

Lakini mikono yake inaelewa. Anachovya kitambaa katika maji ya moto, anakanda taratibu, anakamua kidogo titi lilainike. Anamleta mtoto kifuani. Mtoto anakosa, anateleza, anakosa tena. Mbuke ameacha kutania.

Kisha shavu dogo linacheza. Koo linafanya *kwi, kwi*.

"Anameza," ananong'ona Nyamizi, na hapo ndipo analia.

"Mwache mpaka aachie mwenyewe. Akiamka, tena. Usiku, tena."

"Mara ngapi?" anauliza Mbuke.

"Usihesabu, mama! Kuhesabu ndiko kumetufikisha hapa."

Mtoto huyu ameokolewa na ziara ya leo, Alhamisi. Wale kumi na watatu wa mwezi uliopita, je? Wote walisomewa maneno yale yale. Mama Zamoyoni anataka kuzipitia nyumba zote upya, Jumamosi aanze na zilizo mbali. Anataka pia karatasi ibadilishwe, iandikwe "papo hapo, na kila anapotaka."

Ijumaa yuko boma. Karani anamsikiliza hadi mwisho, anatikisa kichwa kwa huruma, anachovya kalamu.

"Ondoa shaka, bibi. Nitaibadilisha mara moja."

Mama Zamoyoni, aliyekwisha fika mlangoni, anarudi na kuketi.

"Mara moja ipi, baba?"