Ruhusa ya Kwenda Kulia

Mama yangu alikufa Jumanne, akazikwa Alhamisi, nami nikaambiwa Jumatano ya wiki iliyofuata, nikiwa na kapu mgongoni katikati ya majani chai. Aliyeniambia ni mume wangu. Alikuwa amekaa na telegramu mfukoni siku kadhaa kwa sababu nilikuwa nanyonyesha, na aliamini kwamba habari ya kifo huharibu maziwa. Hilo nilimsamehe baadaye. Siku ile sikuwa hata na hasira ya kusamehe. Nilimsikiliza, nikamuuliza kama amekula, kisha nikarudi kwenye mstari wangu nikachuma mpaka saa ya kupima.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Tulikuwa tumetoka Maragoli kuja kutafuta kazi kwenye shamba moja la chai upande wa Kericho, yeye kiwandani, mimi shambani. Tuliishi lain, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu safu, mlango kwa mlango. Binti yetu wa kwanza alikuwa na miezi mitatu. Mchana alikaa kwenye nyumba ya watoto, chini ya mama mmoja mzee aliyewekwa na kampuni kuwaangalia watoto wa wachumaji.

Nilikwenda ofisini kuomba ruhusa ya kwenda kwetu. Karani alikuwa mtu wa adabu. Aliitazama tarehe kwenye telegramu, akanieleza kwamba ruhusa ya msiba hutolewa kwa ajili ya maziko, na maziko yalikuwa yameshapita. Akaniuliza nilitaka kwenda kufanya nini. Swali hilo lilikuwa na jibu, na Mragoli yeyote angempa jibu hilo bila kufikiri, lakini mimi sikuona haja. Nikamwambia asante nikaondoka.

Jibu lenyewe ni hili. Kwetu, binti aliyekosa maziko ya mama yake haingii nyumbani kimya kimya kana kwamba anatoka sokoni. Anaanza kulia akiwa bado njiani, kwa sauti, akimwita mama, akieleza alikuwa wapi na amecheleweshwa na nini. Walio nyumbani wakimsikia wanamwitikia, wanatoka kumpokea, wanampeleka kaburini, na hapo ndipo maziko yake yeye yanafanyika. Asipolia hapokelewi. Hafukuzwi pia, ila watu wanabaki hawajui wamfanye nini.

Lain hapakuwa mahali pa kulia. Watu wa zamu ya usiku kiwandani walilala mchana, na kulikuwa na amri kuhusu kelele. Na hata bila amri, mume wangu alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kamati, na kamati ilikuwa na maoni yake juu ya wanawake wanaojitupa chini. Walikuja Jumapili wakaimba nyimbo mbili kwa sauti ya chini, wakaomba, wakanywa chai. Waliimba vizuri. Niliosha vikombe vyao.

Baada ya hapo sina mengi ya kusimulia, na hilo ndilo tatizo la kuandika habari hizi. Watu hunitaka niwaeleze uchungu ulivyokuwa. Hakukuwa na uchungu. Niliamka, nikachuma, nikapika, nikalala. Nilikula ugali kwa sababu ulikuwa mezani. Mikono yangu ilijua kazi yake, majani mawili na kichipukizi, na kwa kuwa sikuwa napiga soga na mtu, ratili zangu zilipanda. Nyapara akanifanya mfano. Aliwaambia wenzangu wanitazame, huyu amefiwa na bado anawashinda. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa katika kazi ile.

Mtoto nilimsahau mara tatu. Mara ya kwanza nilipima majani yangu, nikapita mlango wa nyumba ya watoto, nikaenda zangu kupika. Yule mama mzee aliniletea mwanangu mgongoni mwake jioni, akanicheka kidogo, akasema uchovu. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu alimpa mume wangu mtoto mkononi, akaongea naye pembeni, na mimi niliwaona wakiongea nikajua ni mimi wanayenizungumzia, nikaendelea kuchambua mboga. Nataka nieleweke. Sikumchukia mtoto yule. Nilimnyonyesha alipowekwa kifuani na nilimbadilisha nguo zake. Lakini alikuwa kama mtoto wa jirani aliyeachwa kwangu kwa muda.

Kisha ikaja mvua ya mawe. Kericho mvua ya mawe si ajabu, na wachumaji wote wanajua la kufanya: unaweka kapu kichwani unakimbia. Wenzangu walikimbia. Mimi nilibaki kwenye mstari nikichuma, mawe yananipiga mabegani na mikononi, mpaka nyapara akarudi akanivuta kwa nguvu. Siku hiyo hakunisifu. Alinipeleka dispensari mwenyewe.

Dispensari ilikuwa chini ya dresa, yaani msaidizi wa daktari, mmoja Mkipsigis, mtu wa Roret, mnyamavu, mwenye koti jeupe alilolifua kila siku. Wote tulimwita daktari. Alinipaka dawa kwenye michubuko, akanipa vidonge vya kulala, akaja lain mara mbili kunitazama bila kuitwa. Aliwakuta wanawake wa kwetu wamekaa kwangu, wakijaribu kuniongelesha habari za mama: namna alivyokuwa akikaanga kumbikumbi, na maneno aliyowaambia walipoolewa. Akawaomba kwa upole waache. Aliwaambia wasimtaje marehemu tena mbele yangu, waniache nipumzike. Walimheshimu, wakaacha. Kuanzia hapo hakuna mtu aliyemtaja mama yangu kwenye lain ile, na dresa alipopita aliniona nimetulia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Miezi minne ilipita namna hiyo. Daktari mkubwa, aliyezunguka mashamba kila baada ya wiki mbili, alisikia habari ya mawe na habari ya mtoto, akaniita. Aliuliza kwa Kiingereza, dresa akageuza kwa Kiswahili. Aliuliza ninajisikiaje. Nikajibu mzuri tu, kama mtu yeyote anavyojibu. Akaandika kwa muda mrefu sana. Mwishowe akasema nipelekwe Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa lori la Ijumaa, na mtoto abaki na baba yake. Akatia sahihi chini ya fomu, kama ilivyokuwa desturi yake, akamwachia dresa kazi ya kujaza juu, maana alikuwa na mashamba mengine matatu ya kupitia kabla ya chakula cha mchana.

Mume wangu alianza kuulizia chupa ya maziwa kwa majirani. Nilimsikia akiuliza mlango baada ya mlango. Kila mtu wa lain alijua walioenda Nairobi kwa lori lile hawakurudi kwenye nyumba zao, kwa sababu nyumba hupewa mtu mwingine, na mtoto mchanga bila mama kule lain tulikuwa tumeshamzika mmoja mwaka uliotangulia. Nilijua haya yote. Nilikunja nguo zangu mbili nikaziweka kwenye kikapu.

Alhamisi dresa aliniita tena. Alifunga mlango, akakaa kwenye benchi la wagonjwa badala ya kiti chake. Fomu ilikuwa juu ya meza, sahihi chini, juu bado tupu.

"Mama, nataka kuuliza kitu, na usikasirike," alisema. "Huko kwenu mtu akikufa, munafanya nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilimweleza, kwa maneno machache, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo: njiani, sauti, mapokezi, kaburi. Nilimweleza pia kwamba wale wanawake aliowanyamazisha walikuwa wananisaidia. Sikusema kwa kumlaumu. Nilisema kama ninavyoweza kumwambia mtu bei ya sukari.

Alitazama viatu vyake.

"Kwetu mtu akienda, tunanyamaza," alisema. "Hata jina yake hatutaji. Mimi niliona umenyamaza, nikasema huyu anapona."

Nilimwambia hakujua. Akasema kutojua ndiyo makosa yenyewe, yeye ndiye aliyevaa koti. Nadhani alikuwa na huzuni, na nakumbuka nikiitazama huzuni yake nikishangaa inatoka wapi. Kisha akasogea kwenye meza, akachukua kalamu, akajaza fomu. Mgonjwa apelekwe kwa matibabu. Mahali: nyumbani kwa baba yake, Maragoli. Mwangalizi: baba yake mzazi. Siku: kumi na nne. Mtoto aende na mama. Aliyaandika kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni, juu ya sahihi ya mtu ambaye hangekubali hata neno moja, na wote wawili tulijua kwamba ikigunduliwa atapoteza kazi yake. Akanipa karatasi akaniambia nisipitie ofisini.

Mume wangu alibaki kazini. Nilichukua basi mpaka Kisumu na lingine la kupanda milimani, mtoto mgongoni. Njia nzima nilijua wajibu wangu. Tulipofika kwenye njia panda ambapo binti huanza kulia, nilifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Nikatembea. Nilipita kwa jirani wa kwanza, nikapita kwa wa pili, nikajaribu tena, nikakohoa tu. Wanawake waliokuwa wanapalilia walisimama na majembe yao wakinitazama. Walinijua, na walijua nimetoka wapi na nimekosa nini, na walingoja nianze ili nao waanze. Sikuanza, kwa hiyo hakuna aliyenisalimia.

Nikasimama kwenye mwanya wa ua wa minyaa, mahali pa kuingilia kwetu. Niliona kaburi pale kando ya nyumba, udongo umeshashuka, nyasi zimeanza. Shangazi yangu alitoka jikoni, akaniona, akasimama. Watu wakazidi kutoka. Hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba basi la kurudi Kisumu huondoka saa nane, na kwamba labda ningeliwahi.

Baba alitoka mwisho. Alikuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na baadaye niliambiwa kwamba siku ya maziko ni yeye aliyewakataza wanawake kupiga mayowe akaanzisha wimbo. Alinitazama usoni kwa muda. Sijui aliona nini. Akavua kofia, akaanza kushuka kuja kwangu polepole, na akiwa katikati ya uwanja akafungua kinywa chake akalia. Hakulia kama mume aliyefiwa. Alilia maneno yangu, yale ya binti, kwa lugha yetu, kwa sauti nyembamba ambayo sikujua kwamba anayo: mama yangu, nimefika, nimekuja nimechelewa, mama, walinificha, mama, nimekuletea mjukuu na hukumngoja.

Wanawake walishika vinywa vyao. Kijana mmoja alianza kucheka, akapigwa kofi. Mzee wa kanisa, mvi kichwa kizima, anamwita mkewe mama mbele ya kijiji. Alirudia. Alijitaja kwa jina langu. Alisema ametoka Kericho kwenye majani chai, na kwamba kapu lilikuwa zito.

Nikaona aibu. Nasema wazi, kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba kilichorudi kwanza ni huzuni, au upendo wa mtoto. Ilikuwa aibu, ya kawaida kabisa, ile ya mtoto ambaye mzazi wake anamwaibisha sokoni. Nilihisi shingo imepata moto. Nikaenda mbio nikamshika mkono.

"Baba, nyamaza," nikamwambia. "Watu wanatuangalia."

Alikuwa analoa machozi mpaka kwenye kola. Alipumua kwanza, akaivaa kofia yake vizuri, akanyoosha mikono kumpokea mtoto.

"Basi lia wewe," akasema. "Huyu ni mama yako, si wangu."

Nikamfungua mtoto mgongoni nikampa. Nikarudi mpaka nje ya ua, kwenye njia, mahali panapostahili, nikaanza.