Mikono ya kwenye filamu ilikuwa laini mno

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Leo nimebishana na filamu, nikashinda.

Binti yangu Divine ana kazi ya shule: atazame filamu ya zamani ya Amerika, aandike watumwa waliishije. Tukaketi baada ya ibada, hapa chumbani kwetu mtaa wa La Rochelle, huku ugenini kusini mwa Afrika.

Wakatokea watumwa wanachuma pamba. Wanaimba, wanacheka, mikono laini kama ya bibi harusi!

Divine akaandika kwamba kazi ilikuwa ya furaha.

Nikamwambia, "Futa. Hao hawajawahi kuchuma pamba."

"Eish, Mama! Hii ni historia. Wewe uliishia darasa la sita."

Jamani. Ilinichoma, sitawaficha.

Lakini mimi nimekulia Imbo, Burundi, katika shamba la pamba la baba. Ganda la pamba likikauka lina ncha kama sindano. Siku ya kwanza tu vidole vinatoka damu, jioni mgongo unagoma kunyooka. Na sisi hatukuwa na mtu wa kutuchapa!

Nikamwekea vidole mbele ya macho. Makovu bado yapo, pembeni ya kucha.

Akaifuta ile sentensi mwenyewe. Halafu akachukua simu apige picha mikono yangu, aiweke kwenye kazi yake.

Nikasema ngoja nipake mafuta kwanza.

"Hapana, Mama. Mwalimu aione hivyo hivyo."

Watu wa Imbo mliochuma pamba, wekeni picha za mikono yenu hapa chini.

Bila mafuta.