Mafuta kwenye Kidole cha Mgonjwa

Mafuta yale yalikuwa ya maombi au ya kikaango? Swali hilo hunirudia kila ninapobana kipimo kwenye kidole cha mgonjwa, na hadi leo sina jibu.

Nilikuwa nimekwisha kufanya kazi ya udaktari wa kawaida kwa miaka mingi, na watoto wangu wamenizidi kimo, nilipoamua kurudi masomoni kujifunza nusukaputi. Wenzangu walidhani kulalisha watu ni kazi ya kupumzika. Mimi niligundua kwamba mafunzo hayo, kabla ya jambo lolote, ni shule ya kushuku. Unaushuku mtungi wa oksijeni hata mshale wake unapoonyesha kuwa umejaa. Unaushuku umeme, maana bwawa la umeme la Koni liko karibu na taa bado huzimika. Unajishuku mwenyewe kuliko vyote, kwa sababu mtaalamu anayekufundisha yuko Lubumbashi, nawe uko Likasi na simu inayokatika.

Mgonjwa wangu wa siku ile alikuwa mwanamke mchuuzi wa samaki wa mto Lufira. Rovu lilikuwa limemkua shingoni hata akawa analala ameketi, na tulijua kwamba lisipoondolewa litamziba pumzi. Upasuaji wa namna hiyo haufanyiki kwa sindano ya mgongo. Ni lazima mtu alale kabisa, apitishwe mrija kooni. Na mtu anayelala na chakula tumboni anaweza kutapika, chakula kikaingia mapafuni kabla ya mrija kupita. Kwa hiyo niliagiza asile chochote tangu jioni. Lakini katika hospitali zetu wanaopika ni ndugu za mgonjwa, na mama yake mzazi alikuwa na mbabula wake, jiko la makaa, nyuma ya wodi.

Asubuhi, nilipombana kile kipimo kidogo kinachosoma oksijeni ya damu, kiliteleza kikaanguka. Nikakirudisha, kikateleza tena. Kidole kilikuwa kinang'aa.

"Mama, amekula?" nilimuuliza mama yake.

"Hakukula kitu, dokta."

"Na haya mafuta?"

"Ya maombi. Pasta alikuja asubui, akamupakala kichwa na mikono."

"Mpaka kwenye vidole?"

"Weye unajua Mungu anapita wapi?"

Nilikiinua kidole nikakinusa. Mawese. Harufu haikunisaidia, kwani hapa mjini mafuta ya pasta na mafuta ya kikaango hutoka kwa muuzaji yuleyule sokoni. Chini ya kitanda niliona bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

"Ile ni yangu," mama akawahi kusema. "Mulinzi wa mugonjwa naye iko na tumbo."

Nilimgeukia mgonjwa mwenyewe. Alitikisa kichwa kukataa, kadiri rovu lilivyomruhusu, kisha akauliza kwa upole, "Dokta, banasema ungali unasoma. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na mwalimu yako iko wapi?"

"Lubumbashi. Tunaongea kwa telefone."

Mama yake alicheka kwa pua. "Sasa njo atamulalisha na telefone?"

Nikatambua kwamba tulikuwa tunashukiana sawasawa: wao walidhani ninaficha ujinga, nami nilidhani wanaficha sahani.

Daktari mpasuaji aliingia akiwa amekwisha kuvaa kofia yake. "Bon, tunaanza?"

"Hapana. Nadhani amekula."

"Unadhani ao unajua?"

"Nadhani."

Alinivuta kando. "Dokta, kesho minye naenda Lubumbashi. Akikosa sasa, atangoja sana, na ile shingo haitangoja. Tena minye njo nitaandikia mwalimu yako namna unafanya kazi hapa. Weye iko na woga."

"Niko nao," nilimjibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilimpigia mwalimu wangu. Alinisikiliza, akaanza, "Kama una shaka..." na mtandao ukaimalizia sentensi kwa namna yake.

"Si leo," nikamwambia mpasuaji. "Kesho mapema, kabla hujaondoka."

Alivua kofia. "Mapema sana, basi. Nikikuta tena habari ya mafuta, naingia mu gari."

Sasa nilikuwa na mashaka mengine. Ningelirudia agizo langu, mama angelisema ndiyo, na jioni huruma ingelimshinda tena, kama ilikuwa imemshinda kweli. Kwake, kumpeleka mtoto kwenye kisu bila kitu tumboni ni sawa na kumtupa. Amri ya daktari aliisikia kama ukali wa watu wa hospitali. Kufunga kwa maombi ni jambo jingine. Anayemwahidi Mungu hali kwa siri.

"Mama," nikamwambia, "leo tufunge wote. Weye, yeye, na minye. Tumuombee."

"Weye unasali wapi?"

Nikamwambia.

"Kule banafungaka kweli?"

"Tutaona kesho."

Sisemi kwamba mimi ni mwombaji hodari. Niliyatumia maombi kama chombo cha kazi, na nadhani naye aliliona hilo.

Nyumbani nilikaa mezani bila kugusa bukari, ugali wetu. Mume wangu, fundi wa karakana huko Shituru, alisikiliza kisa chote huku akimega tonge. "Minye nimekula, dokta," akasema. "Nirudi kesho?"

Asubuhi mbabula ulikuwa baridi, na bakuli lilikuwa limeoshwa na kufudikizwa. Kabla sijafungua kinywa, mama aliniwahi.

"Ulikula?"

"Sikukula."

"Onyesha mikono."

Nilimpa. Aliigeuza huku na huku, akanusa vidole vyangu kimoja kimoja, taratibu, mbele ya binti yake. Kisha akasogea nikapita.

Kipimo kilishika. Hata hivyo sikuridhika, kwani bakuli lililofudikizwa huthibitisha tu kwamba limeoshwa. Kwa hiyo niliamua kumwamini mama, na kumlalisha binti yake kana kwamba sikumwamini. Niliinua kichwa cha kitanda. Nikaweka bomba la kufyonza matapishi chini ya mto, likiwa tayari linavuma, na mirija myembamba ya akiba karibu na mkono wangu. Mpasuaji aliyaangalia maandalizi hayo yote, akavaa kofia yake.

"Vuta pumzi," nikamwambia mgonjwa, nikasukuma dawa. Alifumba macho. Nilifungua kinywa chake, nikaitafuta njia iliyokuwa imesukumwa upande na rovu, na koo lilikuwa safi. Mrija ukapita. Kifua kikapanda.