Gundi ya Nati

Jirani yetu wa Igogo hanunui bolti, anazifanyia usaili. Anatoa sumaku mfukoni, anazigusa moja moja, na inayonata anamrudishia muuzaji kwa ncha za vidole kama kashika panya mfu. "Nimesema stenlesi, isiyonaswa na sumaku, mzee. Hii kutu tupu." Gundi ya kukazia nati huchagua kali kuliko zote, ya kushika milele, kama anavyotutangazia kila siku. Jana akawasha mashine aliyoiunda mwenyewe, ya kupuliza mchanga utoke kwenye dagaa. Feni, aliyoifunga kinyume, ikaturushia usoni mchanga na dagaa pamoja.

"Fungua uigeuze!" alifoka Tereza, mwenye dagaa.

Jirani akajifuta macho, akaipapasa nati ya feni kwa mapenzi.

"Haifunguki, dada," akasema akitabasamu. "Si niliwaambia?"