Matusi ya Mapacha

Kwetu Usukumani mapacha wakizaliwa, wazazi wao hutukanwa. Si utani. Ni matusi yenyewe, yanayotaja viungo kwa majina yake, na wanawake huyaimba uani mchana kweupe, wakwe wakiwa wamekaa hapo hapo wanasikia. Anayetukanwa hucheka. Asipotukanwa, ndipo watu huanza kuwatazama wale watoto kwa wasiwasi, maana hawajapokelewa. Shangazi yangu, dada yake baba, alizaa mapacha, na waliozaa mapacha ndio huongoza nyimbo hizo. Kijijini kwetu, upande wa Tinde, wenzake wote walikuwa wameshakufa. Alibaki yeye.

Mimi ni mwalimu, na ugonjwa wetu walimu ni kuamini semina. Nilitoka kwenye semina moja ya kuhifadhi utamaduni kwa njia ya kidijitali nikiwa na fulana mpya na kiherehere. Tuliambiwa tuwarekodi wazee kabla hawajaondoka, kwamba kilichoingia mtandaoni hakipotei. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa shangazi, simu imejaa chaji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Mapacha wamezaliwa kwa nani?"

Nikamwambia hakuna mapacha, nataka nyimbo tu.

"Sasa nimtukane nani? Maneno yale yanataka mwenyewe."

"Nitukane mimi."

"Wewe ulizaa mmoja mmoja."

"Tufanye tu, shangazi."

Hilo "tufanye tu" nalijutia mpaka leo. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sababu ananipenda, na kwa sababu nilimwambia wajukuu zake walioko machimboni Geita na wale wa dagaa kule Nkome wangemsikia. Akajifunga khanga kiunoni, akasimama uani peke yake, hakuna wa kuitikia, akanitukana mimi, marehemu mama yangu na nyumba yetu nzima. Aliimba vizuri mno. Nililia huku nimeshika simu.

Niliirusha video hiyo kwenye grupu la ukoo bila kuandika neno chini yake. Nani kwenye ukoo wetu asiyejua nyimbo za mapacha? Kumbe wapo, tena wengi. Mmoja wao, nisiyemjua mpaka leo, alikata kipande kifupi cha katikati, akakitia kicheko cha mashine, akakiweka mtandaoni. Haikupita wiki, "bibi wa matusi" alikuwa amefika kila simu. Hawakuwepo mapacha wa kuyapokea maneno yale, kwa hiyo watu waliona walichoonyeshwa, kikongwe kasimama uani anatukana. Nililalamika kwa wenye mtandao. Nikajibiwa na mashine kwamba malalamiko yangu yamepokelewa.

Shangazi hana simu ya video. Habari alizipata gulioni, vijana walipomzunguka wakimwomba awatukane kidogo. Kisha kanisani wakamwekea kikao, na kati ya waliomhoji walikuwemo wanawake ambao wajukuu zao yeye ndiye aliyewapokea kwa nyimbo zile zile. Hakuna aliyefungua mdomo kumtetea. Na mimi sikuwepo, nilikuwa nasahihisha mitihani.

Alipanda basi akanifuata Kharumwa ninakofundisha. Hakukaa, hakunywa maji. Alisema neno moja tu: "Futa."

Nilifuta kwenye simu, nikafuta na kule kwenye hifadhi ya mtandaoni, na mwenyekiti wa ukoo akawaamuru wote wafute. Shangazi aliniinamia begani kuhakikisha, ingawa hajui kusoma. Siku hiyo nilimtii. Ningemtii uani kwake, tusingefika huko.

Mwaka jana binti yangu alijifungua mapacha, nyumbani kwangu hapa. Shangazi alikuja amevaa gauni lake la kanisani, na kibuyu cha maziwa ya mgando mkononi. Akawapakata watoto mmoja mmoja, akawafanyia ishara ya msalaba. Nilipiga magoti mbele yake, utu uzima huu.

"Shangazi, leo wenyewe wapo."

"Nawaona."

"Basi tuanze."

"Ng'wana wane, yale niliyamaliza kwenye simu yako."

Alilisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Kama angefoka ningejua pa kuanzia kumbembeleza. Alimaliza chai yake, akaaga, nikamsindikiza stendi.

Niliporudi, majirani walikuwa wamekaa uani na hongera zao za adabu, kimya kimetanda utadhani tuna msiba. Binti yangu aliniita chumbani.

"Mama, mbona hakuna anayenitukana?"

Nikachukua simu nikatafuta, na kilichobaki duniani kilikuwa kile kipande cha kicheko. Nikakiwasha. Shangazi alionekana, khanga kiunoni, mdomo unafunguka na kufungika, kicheko kimemfunika. Mtoto mmoja alishtuka akaanza kulia. Binti yangu akasogeza sikio karibu.

"Anasemaje hapo?"

Siku ile ya kurekodi nilikaa mbele ya shangazi mchana mzima nikitazama kioo cha simu, nikihakikisha uso wake uko katikati. Sikujifunza hata wimbo mmoja.