"Umemfuta Babu Penko Kinywa"

Kalamu inatoboa karatasi. Zdravka Peeva anaandika akiwa amesimama, jikoni katika nyumba ya wazee mjini Tryavna. Chai yake imeshapoa.

"Ukurasa mmoja!" anafoka. "Miaka kumi na tisa nimewaogesha watu hawa, leo niwakunje kwenye ukurasa mmoja kama risiti ya mkate!"

Zdravka, mwenye umri wa miaka 58, ni mhudumu. Wiki hii anaondolewa kazini. Kampuni mpya iliyoichukua nyumba hiyo imepata wafanyakazi wa bei nafuu kutoka mbali. Kabla hajatoka, ametakiwa kumwandikia hati ya makabidhiano anayempokea, Gulnura, mama wa watoto wawili kutoka Kirgizia.

Aliandika kurasa nne. Meneja, Kanchev, alizirudisha zimejaa wino mwekundu, akiacha ukurasa mmoja tu.

Mstari mmoja uliokatwa unamhusu babu Penko, seremala wa zamani ambaye kiharusi kilimnyang'anya maneno. Ulisema: "Akitikisa kichwa huku na huku, amekubali. Akikiinua na kukishusha, amekataa."

"Nani hajui hilo?" Kanchev alimuuliza. "Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Wa chekechea ya nchi hii!" Zdravka alimjibu. "Kwao Gulnura ni kinyume!"

Meneja alicheka. Hati ni ya dawa na nepi, alisema, si ya hadithi.

Jumanne, Gulnura alianza kazi kwa babu Penko. Kwanza alipasha mikono yake kwenye bomba la joto ukutani, asije akamshtua mzee kwa baridi. Kisha, bila kujua, akamlaza upande wenye kidonda, akaanza kumsugua mgongo.

"Inauma, babu?" aliuliza kwa Kirusi, ambacho mzee alikisoma shuleni.

Mzee akatikisa kichwa. Gulnura akatabasamu, akaendelea. Mzee akatikisa tena, kwa nguvu, machozi yakilowesha mto.

Zdravka aliingia na mashuka. "Mwache! Anakwambia inauma!"

"Shangazi, mbona amesema hapana? Amesema hapana kila nilipomuuliza!"

Alipoelewa, Gulnura alipiga magoti, akaegemeza paji la uso kwenye kiganja cha mzee. Babu Penko, aliyekuwa bado analia kwa maumivu, akampapasa kitambaa cha kichwani.

Zdravka hakumlaumu. Alikwenda ofisini.

"Umemfuta babu Penko kinywa, Kanchev. Mstari ule ndio uliokuwa sauti yake."

"Punguza sauti, wazee wanapumzika."

"Hawajapumzika tangu uje! Siku mama yako akilala kitanda kile, utamkatia mistari mingapi?"

"Saini ukurasa niliokubali, uende nyumbani."

"Saini yangu huipati."

Mpaka sasa hajaipata. Kesho ni siku ya mwisho ya Zdravka, na amekwisha kumtembeza Gulnura kitanda kwa kitanda, akimweleza kwa mdomo yote yaliyokatwa. Bado hana amani. Gulnura naye anaweza kuondolewa, aje mwingine asiyeambiwa.

Kwa hiyo amepanga kurudi kila Jumapili, kama mgeni wa babu Penko, mpaka mstari ule urudishwe kwenye hati. Meneja ameshasema atamfungia mlango.

"Afunge," anasema Zdravka. "Nitaweka kiti changu pale nje, watu wakitoka kanisani. Tryavna ni ndogo. Kila atakayepita ataniuliza nimekaa pale kwa nini, na mimi nitamwambia."